Ukanda wa Kukatwa

Kama kuna kitu kinanitia kinyaa katika kazi hii, ni picha iliyopigwa picha. Mtu anayo picha ya karatasi nyumbani, nzuri kabisa, angeniletea ningeiskani ikatoka safi. Hafanyi hivyo. Anailaza kitandani juu ya shuka la maua, anaipiga kwa simu huku kivuli cha kichwa chake kimemwangukia marehemu usoni, anaituma kwa WhatsApp, WhatsApp inaikamua mpaka unabaki ukungu, halafu ananiandikia: "Fanya iwe kali." Kali kwa dawa gani? Nikimwambia haitachapika ananuna, ananisogezea simu yake puani nione inavyong'aa. Kwenye simu hata mimi ninaonekana msichana.

Meza yangu iko Bukoba mjini, jirani na soko, kwenye chumba ninachochangia na mzee mmoja fundi cherehani. Ninapanga kurasa za vijitabu vya ibada, kalenda, ripoti za vyama vya wakulima wa kahawa. Nikimaliza kupanga natengeneza PDF ya kupeleka kiwandani Mwanza, na hapo ndipo watu wanaponiona mchawi, maana wao wanaamini PDF ni PDF. Ng'o! PDF ya mchapaji lazima herufi zifungwe humo humo ndani, la sivyo ikifika kwenye kompyuta ya watu, majina ya Kihaya yanageuka alama za kuuliza. Rangi zigeuzwe ziwe zile nne za wino, si zile za kioo cha simu. Na pembeni mwa kila ukurasa kuna ukanda mwembamba tunaouita blidi. Picha ikitakiwa ifike mpaka ukingoni mwa karatasi, unaivusha mstari, unaiingiza kwenye ukanda huo, kisha kisu cha mashine kinapita na ukanda unaanguka chini na takataka nyingine. Kinachozidi hapo hata hakichapwi. Kwa hiyo kila mteja namwambia neno lile lile: usiweke kitu cha maana pembeni.

Nimelisema neno hilo mpaka limenichosha mdomo. Sikuwaza kwamba siku moja atatokea mtu wa kulisikia vizuri kuliko wote, na kwamba huyo ndiye atakayenitapisha.

Walikuja watatu. Wawili walitoka Kishanda, wilayani Muleba: mama mjane, mtu mzima sana, na binti yake aliyekuwa amemshika kiwiko. Wa tatu alikuwa shemeji wa huyo mama, mdogo wa marehemu, mkazi wa hapa mjini, amevaa tai siku ya kazi, sauti yake ya taratibu kama anasoma somo kanisani. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ukoo. Marehemu alikuwa mkulima na mzee wa usharika, na walitaka kijitabu cha ibada ya shukrani ya kumaliza msiba: wasifu wake, nyimbo, na katikati picha ya familia.

Ilikuwa siku ya wale wadudu wa ziwani, wanaoingia kama moshi na kufia kwenye kila kitu chenye mwanga. Nilikuwa nawafuta kwenye kioo cha kompyuta kwa kanga, natukana kimoyomoyo, mama alipofungua Biblia yake akatoa picha iliyofungwa kwenye nailoni. Picha halisi! Haina mkunjo, haina chai. Nilitaka kumbusu. Ilipigwa Krismasi moja nyumbani kwao, mbele ya mlango. Mzee, akiwa tayari mgonjwa, amekaa kwenye kiti karibu na mwisho wa mstari upande wa kulia, koti jeusi, na nyuma yake kwa upande, wa mwisho kabisa, amesimama binti huyu huyu aliyemshika mama kiwiko.

"Mwanangu," mama akaniambia, "mimi macho yamechoka, maandishi siyaoni. Mengine fanyeni mnavyojua. Mimi nataka kitu kimoja. Watoto wangu wote waonekane."

"Mae, wataonekana wote," binti akamwambia akicheka. "Hata kuku yumo, huyu hapa mbele ya kaka."

Kweli, kuku alikuwemo, amekodoa macho kuliko watu. Tukacheka wote, shemeji naye akacheka. Kisha mama akanieleza kwa nini ameng'ang'ania jambo hilo. Baada ya ibada, ukoo ungekaa kuzungumzia kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ambamo marehemu naye amezikwa. Wajomba, mashangazi na majirani wangekuwa wamekishika kijitabu mkononi. Atakayeonekana humo ni mtoto wa nyumba hiyo. Asiyeonekana, ajieleze. "Karatasi iliyosomwa mbele ya mchungaji haibishiwi, waitu," akasema, akiniheshimu kwa Kihaya. Akanialika nami niende siku hiyo nikale ndizi.

Nikaipanga kazi kwa moyo. Picha nikaitandaza kwenye kurasa mbili za katikati, nikaiachia nafasi nyeupe kuizunguka ili kisu kisimguse mtu. Nikamtumia mwenyekiti PDF ya kukagua. Kesho yake akaja mwenyewe, peke yake.

"Mama, kazi nzuri," akasema. "Ila huu weupe wa nini? Kama tangazo la kifo gazetini. Ijaze picha, ifike ukingoni, kama kalenda."

"Mzee, nikiijaza, wa mwisho watakatwa. Picha ni pana kuliko kurasa." Nikamweleza habari ya blidi, taratibu, kama ninavyowaeleza wote.

"Wa mwisho ni nani?"

Nikamgeuzia kioo. "Kushoto kabisa ni wewe. Kulia ni binti."

Akavua miwani. Akaifuta kwa tai yake, akaivaa, akatazama tena.

"Basi mimi nibakishe. Upande wa kulia ndio upite."

Nilidhani hakunielewa. Nikamwambia, mzee, huyu ni binti wa marehemu, si mgeni aliyejisogeza kwenye picha.

"Huyo wa pembeni?" Akashusha sauti, akasogeza kiti. "Waitu, wewe ni mtu mzima, nikwambie. Kaka alimleta akiwa mchanga. Mama yake hatumjui ukoo wala kijiji. Shemeji alimlea tu."

Alimlea tu! Mtoto aliyenyweshwa uji, akaogeshwa, akauguzwa surua, akasomeshwa, naye akaja kumgeuza baba kitandani mpaka siku ya mwisho. Yote hayo "tu". Nikamwambia kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nikamwambia pia, maana mimi nikishaanza sikomi, kwamba kitanda hakizai haramu.

"Hicho kitanda hakikumzaa," akanijibu papo hapo. "Ndiyo shida yenyewe."

Kisha akasema lile neno. Alilisema kwa upole, mikono ameikunja juu ya meza yangu kama anayeomba.

"Sikwambii umfute. Kumfuta ni dhambi, na watu wataona. Wewe isogeze tu picha, aingie kwenye hiyo blidi yako na apitilize. Kisu kikate. Mtu akiuliza, tunasema ni mashine."

Mate yakanijaa mdomoni, kama mtu aliyetafuna senene aliyeoza. Kilichonichefua si uchoyo. Uchoyo naujua, ukoo gani haunao? Kilichonichefua ni ule usafi. Mtu anataka kumtoa mtoto wa kaka yake kwenye nyumba ya baba yake, lakini mikono isichafuke, dhambi isiandikwe kwake, ikaandikwe kwa mashine iliyoko Mwanza. Na kisu chenyewe amekitoa kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha neno hilo, kwa mdomo wangu, kwenye kiti changu.

"Mashine haina ukoo, mzee," nikamwambia. "Haijui nani kazaliwa wapi. Kisu kinapita pale ninapokiambia mimi kipite, na hapo sikiambii. Kama unataka kumkata, chukua mkasi, umkate mbele ya mama yake."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitabasamu kama mtu anayemsamehe mlevi, akaichukua ile picha ya mama kwenye meza yangu, akaifungia kwenye nailoni yake vizuri.

"Mafundi mko wengi mjini," akasema. "Ubarikiwe."

Akatoka. Fundi cherehani, ambaye muda wote huo alikuwa amesimamisha cherehani yake akijifanya anatafuta uzi, akasema, "Astaghfirullah. Na tai amevaa."

Nikafungua dirisha. Wadudu wa ziwani wakaingia, waingie, nilihitaji hewa. Nikakifuta kile kiti kwa kitambaa chenye maji, ndiyo, nilikifuta, na mtu akicheka na acheke.

Kumpigia mama nisingeweza. Hakuwa na simu, na namba niliyoachiwa ilikuwa moja tu, ya huyo huyo shemeji. Nikasema potelea mbali, nimealikwa, nitakwenda Kishanda nimwambie mjane kwa mdomo wangu kabla ibada haijaanza. Asubuhi ya siku yenyewe nikatoka nyumbani Buhembe mapema, nikapanda basi la Muleba. Likapata pancha njiani, dereva hana jeki, tukakaa kando ya barabara tukitazamana. Nilipofika Muleba nikachukua bodaboda mpaka Kishanda, na tulipokuwa tunapita kwenye migomba nikasikia watu tayari wanaimba. Nilikuwa nimechelewa. Uani pamefungwa maturubai, viti vimejaa, na juu ya kila paja kuna kijitabu.

Nikapewa changu. Mungu nisamehe, maana nilikuwa ibadani, lakini nilisema neno baya.

Shemeji na fundi mwingine aliyempata mjini walikuwa wameichukua ile PDF ya kukagulia, niliyoitengeneza nyepesi ili ipite kwenye simu, wakaikwangua wakapata walichopata. Herufi zilikuwa zimekimbia. Kila palipokuwa na "ng'" pamekaa alama ya kuuliza, ndiyo maana kwaya ilikuwa inaimba ubeti wa pili kila mtu na lake. Marehemu jaladani alikuwa na rangi ya zambarau. Pini ziligongwa upande, kijitabu kikawa hakifungi, kimeachama. Kazi ya mtu asiyeona haya! Hata uovu, jamani, si ungefanywa kwa ufundi kidogo?

Nikafungua katikati. Picha imejaa mpaka ukingoni, kama kalenda. Kushoto shemeji, mzima, na tai yake. Kuku yumo. Kulia mzee kwenye kiti chake, na baada ya bega la mzee, basi, mwisho wa karatasi.

Nilimtafuta binti kwa macho chini ya maturubai. Watoto wa marehemu walikuwa wamekalishwa kwenye benchi mbele, kaka zake na dada zake, wamekaa hadi mwisho wa benchi. Yeye hakuwepo. Nikamwona mbali, nyuma ya nyumba, kwenye moshi, anapika na wanawake wengine. Kumbe alikuwa amepewa kazi ya jikoni tangu alfajiri, na nani? Na kamati. Mama mjane alikuwa mbele kabisa, kijitabu kimefunikwa juu ya magoti yake, hakioni, hana wasiwasi. Alikuwa ametulia kabisa, na utulivu ule uliniuma kuliko picha.

Mchungaji akatoa baraka. Shemeji akasimama, akakohoa, akasema wageni watakula, lakini kwanza ukoo una neno fupi kuhusu kibanja, na kwa vile watoto wote wa marehemu wapo hapa mbele, kama tunavyowaona na kama walivyo kwenye kijitabu, fungueni katikati...

Watu wakafungua. Karatasi zikalia uani kote.

Dada wa marehemu, shangazi wa nyumba hiyo, bibi aliyepinda mgongo lakini sauti bado ya kuitia ng'ombe, alikuwa amekiinua kijitabu karibu na jicho lake. Akauliza kwa Kihaya, kwa nguvu, bila nia mbaya hata chembe:

"Mkono huu ni wa nani?"

Watu wakainamia vijitabu vyao.

"Nauliza. Huu hapa, begani kwa kaka. Mkono huu ni wa nani?"

Nikaangalia tena picha. Mungu wangu! Kwenye picha ya mama, binti alikuwa ameweka mkono begani kwa baba yake, mkono wenye kivuli juu ya koti jeusi, na mimi kwa muda wote niliokaa na picha ile sikuuona, nilikuwa natazama nyuso. Kisha yule fundi wa mjini, asiyejua kugeuza rangi, alipoona picha inatoka giza akapandisha mwanga. Akapandisha mpaka kila kilichojificha kikatoka. Kisu kilikuwa kimemkata binti mzima, uso, kifua, nguo, lakini huwezi kuukata mkono ulioshika bega bila kulikata bega. Ukabaki. Vidole vyote, na kipande cha kifundo, basi, hakuna mtu nyuma yake. Watu walikuwa wameshaanza kuonyeshana. Mama mmoja nyuma yangu alijishika mdomo akasema umekaa kama wa mzimu.

"Mashine," shemeji akasema. Sauti yake ya somo ilikuwa imekauka. "Ni mashine tu hiyo. Imekosea kukata."

"Mashine haijakosea!"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Sikuwa nimepanga. Viti vyote viligeuka kumtazama mgeni wa Bukoba asiye na adabu, nami nilikuwa nimeshasimama, basi nikamalizia: "Mashine inakata pale inapoambiwa. Mzee huyu aliniambia mimi nimkate binti, nikakataa. Akampata wa kumkubalia."

Mama mjane alikuwa amegeuza kichwa huku na huku, kama mtu anayesikia mvua upande mmoja tu wa nyumba.

"Mkono upi?" akauliza. "Nani hayumo?"

Shangazi akajikongoja mpaka kwake, akamshika kidole cha shahada, akakipeleka juu ya karatasi. Akamnong'oneza. Mama akakipitisha kidole pale begani kwa mume wake, akakisogeza kulia, kikatoka nje ya karatasi, kikabaki hewani.

Kisha akakiweka kijitabu chini, kwenye nyasi, akasimama. Mchungaji alinyanyuka kumsaidia, akamkataza kwa kiganja. Akaifuata sauti ya masufuria, taratibu, anapapasa migongo ya viti, akapotea nyuma ya nyumba. Shemeji akatoa leso akajifuta shingo. Nilimtazama bila kupepesa, nilitaka ajue kwamba namtazama.

Mama akarudi. Alikuwa amemshika binti yake kifundo cha mkono, anamvuta, na binti hajui kuna nini, anasema Mae, ndizi zitaungua, Mae, niache ninawe kwanza. Mkono wake ulikuwa umejaa utomvu wa ndizi, mweusi, umegandia vidole vyote. Mama akamsimamisha mbele ya watu wote na kuuinua mkono ule juu, akautikisa.

"*Ogu n'omwana wange*," akasema. Huyu ni mwanangu. Kisha akageukia upande ilikotoka sauti ya shemeji yake, akasema kwa Kiswahili, ili hata sisi wageni tusikose:

"Mliuliza mkono ni wa nani. Ni huu. Mwenye kisu aje amalizie."

Hakuna aliyekuja. Pale mbele, kaka mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea kwenye benchi kumpa nafasi dada yake.